Mwalimu Sanga Kaingu na Bwawa Lililonuka Tena

Wasifu huu wa Mwalimu Sanga Kaingu Mwinga unasomwa na mjukuu wake, Ashley. Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake hata siku ya kumzika, kwa hiyo tunawaomba wazee radhi mapema.

Mwalimu Sanga alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 hapa Kikoneni, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kaingu Mwinga na marehemu Mama Kahaso. Alikulia nyuma ya ng'ombe, na bahari aliijua kwa kusimuliwa tu.

Mwaka 1972 alijiunga na shule ya upili karibu na Msambweni. Wiki ya kwanza yeye na wenzake walikwenda kwenye mikoko maji yakiwa yametoka. Alikimbia kana kwamba yuko malishoni, akazama hadi mapajani, na matope yakabaki na kiatu chake. Alipovutwa nje ananuka mayai viza, wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Yeye akauliza, "Haya matope yamekula nini?"

Mwalimu wake wa kemia alimjibu. Maji ya bahari yana chumvi yenye salfa. Ndani ya matope hakuna hewa, basi vijidudu huvuta chumvi ile badala ya hewa, na pumzi vinayoitoa ndiyo ule uvundo. Chuma kilichomo udongoni hunasa sehemu ya salfa, ndipo matope yakawa meusi. Mashimo ya kaa yakiingiza hewa, salfa hugeuka chumvi tena na kurudi baharini, ikizunguka hivyo siku zote. Sanga alisahau habari ya kiatu.

Alifundisha kemia kuanzia mwaka 1981 hadi alipostaafu mwaka 2017, Msambweni na Ukunda. Kila darasa lake liliingia matopeni, na wazazi walilalamikia sare zisizotakata. Wengi mliokaa hapa leo mna viatu vyenu kule.

Alimpenda Teresa, binti wa Wundanyi aliyekuwa dobi katika hoteli moja ya Diani. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni, pete ya fedha aliyovaa Sanga ilikuwa imesawijika, kwa sababu bwana harusi mtarajiwa alikuwa ametokea matopeni na wanafunzi. Mama mkwe akanong'ona kwamba huyu ana nuksi. Sanga aliomba sufuria ya alumini, maji ya moto na magadi, akaitumbukiza pete. Ikatoka inang'aa, na jiko zima likanuka mayai viza. "Mwanangu," mama mkwe akamwambia Teresa, "nuksi hana. Ila utafua." Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa Duncan, Mercy na Enos.

Alipostaafu alijiunga na kikundi cha akina mama wa Bodo, kijiji cha pwani, kinachoongozwa na Bi Mbodze, waliokuwa wamechimba bwawa la samaki aina ya mwatiko nyuma ya mikoko. Mapema mwaka 2023, jua likiwa kali, aliwashauri walikaushe hadi sakafu ipasuke ili lisafike, kama tunavyofanya huku na mabwawa ya ng'ombe. Salfa iliyofungwa ndani ya matope ikakutana na hewa, ikawa tindikali. Wakaliacha lijae tena, wakatia samaki. Masika ilipoiosha tindikali iliyobaki kwenye kingo na kuitia bwawani, maji yakawa mekundu kama kutu, na samaki wote wakaelea. Jambo hilo Mwalimu alikuwa amelifundisha miaka nenda miaka rudi, lakini siku ile ufugaji wa kwao ulimtangulia.

Akina mama walitaka kulifukia, nao hawakuwa na nguvu ya kuchimba jingine. Mwalimu alisimama mbele yao. "Mama zangu, ni mimi niliyeliua. Nipeni nafasi nilifufue."

"Haya, Mwalimu," Bi Mbodze akamjibu. "Lakini leo hutusomeshi. Shika jembe."

Walikata ukingo ili maji ya bamvua, bahari inapojaa zaidi, yaingie na kulisafisha, kisha hawakuruhusu sakafu ikauke tena, wakangoja vijidudu vya uvundo virudi kuizima tindikali. Mara kwa mara Mwalimu aliinama, akanusa, akarudi nyumbani mnyonge. "Halinuki," alimwambia mkewe, nasi tulimhurumia huku tukijizuia kucheka.

Mwezi wa Juni 2024 moyo wake ulianza kuchoka, na madaktari wakamkataza matope. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Mwezi wa Novemba, Mwalimu akiwa amelazwa hospitalini, Bi Mbodze aliingia wodini, miguu myeusi kwa tope, hata kubisha hodi amesahau. "Mwalimu! Linanuka!"

Alicheka hadi muuguzi akaja mbio, kisha akalia, na Bi Mbodze akalia naye. Samaki wachanga walitiwa bwawani mwezi wa Januari. Mwalimu alilala usingizi wake wa mwisho nyumbani, alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Teresa.

Ameacha mjane, Bi Teresa. Watoto Duncan, Mercy na Enos. Ndugu yake Fondo. Wajukuu wanaomtania hadi sasa. Na kikundi cha Bi Mbodze, kilichodai kiandikwe hapa pamoja na ndugu.

Jana akina mama walitupa wavu bwawani kwa mara ya kwanza. Mwalimu alitamani sana kuyaonja mavuno haya, na inatuuma kwamba hakuwahi. Samaki walio jikoni nyuma ya hema ni wale wale, na mjane anaomba mtu asiondoke kabla ya kula. Mwenyezi Mungu ampokee Mwalimu wetu, na alale kwa amani.