Maji Niliyopozea Togwa

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za kutwa. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu kaniambia nisimame niseme nilivyoinuka, lakini nitaanza na nilivyoanguka, na wa kunichukia anichukie. Nimechoka kuonewa huruma nisiyostahili.

Mnanijua kwa togwa. Baba wa mtoto wangu alivuka kwenda Sengerema kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Mimi na cheti changu cha kidato cha nne tukabaki Buzuruga na mtoto wa miaka miwili. Nikaanza kupika togwa nyumbani, nauza stendi. Kina mama mnaijua kazi yake: unapika uji wa mahindi uive hasa, unauacha upoe wenyewe hadi uwe vuguvugu, ndipo unatia kimea, ule ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Ukikitia uji ukiwa wa moto, togwa haipati utamu. Kwa hiyo kazi kubwa ya togwa ni kusubiri. Na mimi, ndugu zangu, kusubiri sijui.

Siku hiyo nilikuwa na oda ya sherehe ya kipaimara, ndoo nne. Bomba lilikuwa kavu siku ya tatu. Ziwa tunaliona kutoka mlangoni, bombani hakuna tone! Haya, tuyaache, nitapandwa na hasira kabla sijafika. Uji ulikuwa bado unafuka, watu wa sherehe wanapiga simu. Nikachota maji ya ziwa niliyoweka ya kufulia, mabichi kabisa, nikayamimina kwenye uji upoe haraka. Nikatia kimea. Togwa ikawa tamu. Mtoto nikampa kikombe cha kwanza, kama kawaida yake.

Jirani yangu akapita. Ni mama mtu mzima, anabanika samaki nyuma ya nyumba, macho mekundu kwa moshi. Akafunua ndoo moja, akacheka.

"Binti, leo unalisha jeshi?"

Kesho yake mtoto anatapika, anaharisha, macho yamezama. Wageni wa sherehe nao wameshinda chooni. Nikatoka uani nimembeba mwanangu, nikapiga kelele: "Nani alifunua ndoo yangu? Si huyu hapa?" Nawaambia, sikuhitaji kusema mara mbili. Mmoja akadakia, "Hata mimi macho yale nayaogopa." Mwenye nyumba akaja, akamwambia, "Mama, hadi Jumamosi uwe umetoka. Kwangu sitaki maneno."

Yule mama alisema kitu kimoja tu: "Nimefunua kifuniko, baba."

Kituo cha afya, nesi akaniuliza mtoto kanywa nini. Nikasema togwa yangu mwenyewe.

"Uliipoza na nini?"

"Kuna mtu aliiharibu."

"Dada, sijakuuliza mtu. Nimekuuliza maji."

Ilikuwa Jumatano. Mtoto akatundikiwa dripu, Ijumaa akaomba uji. Na siku zote hizo mimi nilikuwa najua, na sikusema. Nilijua nikisema, hakuna atakayekunywa togwa yangu tena. Nikaona heri yeye ahame, mimi nibaki na wateja. Ndivyo nilivyokuwa. Msitikise vichwa, bado sijamaliza.

Jumamosi asubuhi akaanza kutoa vyombo. Magodoro, sufuria, zile waya za kubanikia. Kitanda anakiburuta peke yake, na ua mzima umesimama unaangalia. Hakuna aliyemshika mkono. Nikasikia mdomo wangu umefunguka.

"Mwacheni abaki. Ni maji. Nilimimina maji ya ziwa mabichi kwenye uji. Hapa hakuna mchawi, kuna mpishi mwenye haraka."

"Yaani umetunywesha uchafu?" mmoja akauliza.

"Ndiyo."

Mwenye nyumba akajikuna kichwa, akasema basi, abaki. Yule mama akanitazama hadi nikainama. "Sijakusamehe," akasema. "Shika upande ule wa kitanda, tukirudishe ndani."

Wateja waliondoka wote, kama nilivyojua. Nilifulia watu nguo hadi vidole vikachubuka. Namshukuru yule nesi. Alinielekeza nichemshe kila tone, na sufuria ya uji niiweke kwenye beseni la maji ya baridi, maji yabaki nje ya sufuria. Nawashukuru wawili wenu mliokuja kuniangalia nikipika, mkawa wa kwanza kuinywa mbele za watu. Mtoto mzima, mnamwona anavyowasumbua hapo. Leo nauza ndoo mbili kwa siku. Nachoka, lakini nauza.

Funzo langu ni fupi, na halina sukari. Nina hasira na nafsi yangu, na nina hasira na ninyi. Wengi wenu mlikuwa uani siku ile. Mlinisadiki upesi mno. Mtoto anaharisha, na hakuna hata mmoja aliyeuliza maji! Mtoto akiumwa, uliza maji, uliza mikono, uliza ndoo. Jina la mtu usilitaje.

Jirani yangu hakuja leo. Nilimwomba, akasema, "Nina samaki motoni, na wale watu nawajua." Ana haki yake. Kwa hiyo mkitoka hapa msinipe mimi pole. Anakaa chumba kilekile cha mwisho. Pitieni kwake.