Sanda Ambayo Bibi Jora Hakuichana

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Anayepika apunguze moto kidogo. Anayefua aache maji yatulie. Leo nataka masikio yenu yote mawili.

Tunamkumbuka mwanamke aliyeuza vitambaa maisha yake yote, na kwa majora yale ya vitambaa sote tukamwita Bibi Jora. Bibi Jora amefariki. Tulimzika wiki iliyopita, na mimi nilikuwepo.

Kabla sijakaa kwenye maikrofoni hii nilikwenda kumwona binti yake mkubwa, yule mshonaji. Nilimkuta nyuma ya kaunta ya mama yake, mkono shavuni, cherehani imefunikwa. Nikamwambia, "Dada, pole sana. Nikamseme vipi mama?" Akanitazama kama nimemuuliza bei ya kitu kisichouzwa. "Sema kweli," akasema. "Ukimfanya malaika, nazima redio."

Haya. Mimi pia sipendi kumpaka marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu alikuwa mkali, akifa anakuwa mpole. Mtu alikuwa bahili, akifa tunaambiwa alikuwa na mkono wazi. Aa, leo hapana. Leo tunasema alichofanya.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili, mmoja wa barabarani na mmoja wa uani. Kaunta ya mbao ililika katikati, pale alipoegemeza viwiko vyake. Chumvi kwenye debe. Sabuni ya mche, iliyokatwa vipande kwa uzi. Mafuta ya taa na faneli yake. Vitambaa vya maua alivitundika mbele, vionekane. Kitambaa cheupe alikiweka rafu ya juu kabisa, kimefungwa kwa karatasi ya kaki, kisishike vumbi wala kisiwatishe wateja.

Maana kitambaa cheupe kilikuwa cha sanda. Siku hizo, wasikilizaji wapendwa, jeneza lilikuwa mambo ya watu wa mjini. Sisi tulizikwa kwa sanda, na sanda ilitoka kwa Bibi Jora tu. Narudia: kijiji kizima, duka moja.

Na alikuwa na namna yake ya kuiuza. Vitambaa vingine alivikata kwa mkasi. Sanda aliichana kwa mikono. Alitia mkasi kidogo tu pembeni, akashika huku na huku, akavuta. Kraaa! Mlio huo ulifika barabarani. Mwenye baiskeli alishuka. Aliyekuwa anacheka alinyamaza. Habari ya msiba ilikuwa imeshafika kabla ya mjumbe. Na kabla ya kuchana, Bibi Jora alimkalisha mteja kwenye kigoda na kumpa maji. Hakumuuliza nani amekufa. Alisema tu, "Pole. Kaa kwanza."

Sasa tuingie penye miiba.

Kila mwaka kabla ya mvua kubwa aliagiza mzigo wa kutosha, kwa sababu mvua zilikata barabara na gari halikupita tena. Mwaka mmoja mwenye ghala wa mjini akaishiwa na vitambaa vya maua. Hakuuliza mtu. Akajaza gari majora meupe matupu, akayatuma. Bibi Jora alipofungua mzigo aliguna, kisha akapokea. "Tutashona mashuka," alimwambia binti yake. "Watu hawajaacha kulala."

Mvua zikaja. Barabara ikakatika. Na nyuma ya mvua ikaja homa, ile ya kutapika na kuhara. Ilianzia nyumba za mtoni, ikapanda. Majora yale meupe yakaanza kushuka kutoka rafu ya juu, moja baada ya jingine.

Mwanzoni watu walisema, afadhali kipo. Baadaye wakaanza kuulizana visimani. Mbona mwaka huu ameleta meupe tu? Mbona hakuleta hata ua moja? Jamani, mnajua maneno yakishapata mahali pa kukaa!

Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na duka lile, kulikuwa na mashine ya kusaga unga. Mwenye mashine, Msagaji, alikuwa pia mzee wa kanisa, mtu wa kusikilizwa. Jumapili moja, baada ya matangazo, Msagaji alisimama. Hakufoka. Alimgeukia Bibi Jora kwa adabu zote, akasema, "Dada, ulijuaje?"

Basi. Akakaa.

Binti alikuwa ameketi ubavuni mwa mama yake. Ananiambia, "Mama alifungua mdomo. Angesema tu kwamba ni kosa la mwenye ghala, yangekwisha. Sauti haikutoka." Na watu wakachukua ule ukimya wakaufanya jibu.

Toka siku hiyo walimpa kisogo. Walikuwa tayari kuvuka mto uliofurika kwenda kutafuta chumvi, na chumvi iko pale puani. Wafiwa walinunua sanda kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda, lakini walisimama nje, wakaweka hela kizingitini, wakaangalia pembeni. Kigoda hakikukaliwa na mtu.

Halafu homa ikaingia kwake. Ikamchukua kitinda mimba wake, mtoto wa kike aliyekuwa ameanza tu kusema maneno yakaeleweka. Siku hiyo watu walisikia kitambaa kikichanika dukani, na hakuna aliyekuwa ameonekana akiingia kununua. Wakaelewa. Hawakuja. Alikuja Mchungaji, na wachimba kaburi wa kukodi. Mikeka ilitandikwa uani kwa ajili ya wafariji. Ilikaa mitupu mpaka jua likashuka, binti akaikunja.

Na Msagaji? Msagaji alikuwa ng'ambo ya barabara. Mashine yake ilinguruma kutwa. Hakuizima hata wakati maiti ya mtoto inapitishwa mlangoni kwake.

Haukupita muda, mke wa Msagaji naye akaanguka na homa. Akafa asubuhi. Mchana Msagaji akavuka barabara, unga bado umemganda kwenye nywele za mikono. Hakusimama nje kama wengine. Aliingia hadi kwenye kaunta. "Dada," akasema. "Mke wangu."

Binti alikuwa anapima mafuta ya taa. Anakumbuka kila kitu. "Mama alimtazama. Nilidhani atamwambia akae. Akamuuliza, 'Kaka, ulijuaje kama ninacho?' Akamzunguka, akaushika mlango, akangoja mpaka ametoka. Akafunga, akatia komeo."

Wasikilizaji wapendwa, narudia, asije mtu akasema hakusikia vizuri. Kitambaa kilikuwepo. Kilikuwa pale rafuni. Bibi Jora alikataa.

Wafu wa homa ile walizikwa siku ile ile, hawakulazwa. Msagaji akafumua mifuko ya unga, wanawake wakaishona upesi upesi. Waliifua, lakini maandishi hayakutoka. Mama wa watu akafungwa humo, na chapa ya unga mgongoni.

Alasiri Bibi Jora akashindwa kukaa. Sijui kilichomgeuza, na binti naye hajui. Anasema mama alikuwa anapanga sabuni, akaziacha. Akapanda kigoda, akashusha jora zima jeupe. Hakungoja kulichana. Alitoka nalo kifuani, anakimbia kwenye matope. Alipofika makaburini alikuta wanashindilia udongo. Akasimama na jora lake. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkaribisha. Msagaji alimwona, akaendelea kushindilia.

Mvua zilipokwisha, gari la mwenye ghala lilikuja na vitambaa vya maua. Dereva akaomba radhi mbele ya watu kwa kosa la ule mzigo. Hapo ndipo kijiji kilipojua. Je, watu waliomba msamaha? Thubutu! Walirudi kununua chumvi. Wakauliza bei, wakalalamika imepanda, maisha yakaendelea.

Bibi Jora ndiye ambaye hakuendelea. Kila Jumapili baada ya ibada alichukua ungo wa mahindi, akavuka barabara hadi kwenye mashine. "Nyumbani tulikuwa na unga wa kuogea," binti ananiambia, na hapo akacheka kwa mara ya kwanza. "Bado anakwenda kusaga!"

Siku ile ya kwanza alisimama mlangoni. "Kaka, nisamehe." Msagaji akajibu, "Nimekusikia." Jumapili iliyofuata, vilevile. Baadaye akawa anakaa juu ya magunia. Wakaanza kusemeshana kidogo. Mwisho ikawa soga kamili, wazee wawili wanabishana mpaka wapita njia wanasimama.

"Mchungaji leo kahubiri mpaka mgongo wangu ukatubu wenyewe," Bibi Jora anasema.

"Wewe ulikuwa umelala. Nilikuona."

"Nilifumba macho nisikuone wewe."

Msagaji anacheka hadi anakohoa. Kisha Bibi Jora anainuka, anajipangusa unga, na uso unabadilika. "Kaka, nisamehe." Na Msagaji, aliyekuwa anacheka sasa hivi, anasema, "Nimekusikia." Bibi Jora anavuka barabara kurudi kwake. Hivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi. Msagaji alizeeka, wanawe wakahamia mbali, mashine ikawa inawashwa kwa nadra. Bibi Jora bado anavuka.

Mwezi uliopita miguu ilimgomea. Akalazwa chumba cha nyuma, kile cha kuhifadhia vitambaa. Siku moja kabla ya kufa alimwambia binti, "Nenda kamwite kaka. Mwambie mimi siwezi kuvuka." Binti akaenda. Msagaji akamjibu, "Mwambie namsubiri. Akipona atakuja mwenyewe." Binti akarudi. Mama yake akauliza, "Amesema nini?" Binti akasema, "Anakuja, mama." Ananiambia, "Nilidanganya. Ningefanyaje?" Kutwa ile na kesho yake Bibi Jora aliuliza, ameshafika? Ameshafika? Akafa hajaacha kuuliza.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa. Mchungaji wa sasa ni kijana, lakini anafuata utaratibu wa zamani wa kanisa lile. Akauliza, kama kuna mwenye neno na marehemu, aseme kabla hatujamtoa. Kwa kawaida watu hukaa kimya, tunaendelea. Mara hii Msagaji akashika benchi la mbele yake, akajiinua.

"Mimi ninalo," akasema. "Dada huyu aliniomba msamaha. Mimi nilimsamehe. Si jana. Zamani, wanangu hawajaota hata ndevu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Amina!"

"Usiseme amina," mzee akamkata. "Sikumwambia."

Akaendelea. "Mwanzoni nilitaka imuume. Sikatai. Halafu hasira ikaisha, nikaona nikimwambia nimekusamehe, hatakuja tena. Atakuja kufanya nini? Mke sina, watoto wako mbali. Jumapili nilikuwa nafagia mlango, namngoja avuke. Kwa hiyo nikawa namjibu vile vile. Alipotuma kuniita, niliogopa. Nilijua nikienda nitasema, nikajidanganya kwamba nikinyamaza atapona ili aje aulize tena."

Binti akasimama. Hakupiga kelele. "Baba, mama amekufa anauliza."

"Najua, mwanangu."

"Ni kuvuka barabara tu."

Mzee alitazama pale mbele alipolazwa marehemu, akasema, "Sasa mimi nimwombe nani?" Kisha akakaa. Mchungaji alifungua kitabu chake, akakifunga, akasema kwa sauti ndogo, "Twendeni tukazike."

Wasikilizaji wapendwa, mimi nimezoea kipindi hiki, lakini tangu siku ile sijalala vizuri. Nikimfikiria mzee yule nakasirika. Nikizidi kumfikiria, namhurumia, halafu nakasirika tena. Na Bibi Jora? Alimnyima mfiwa sanda. Hilo alilifanya, na hakuna aliyemlazimisha. Lakini watu waliomwachia mikeka mitupu sisi hatukuwahi kuwataja kwa makosa, maana ni wengi, na wengine ni babu zetu na bibi zetu.

Kwa binti mshonaji na familia yote, poleni sana. Mungu awape nguvu, naye ampumzishe mama yenu. Na kwako wewe mzee wetu Msagaji, nimeambiwa redio unayo na huwa unasikiliza. Pole. Na wewe umefiwa.

Kipindi hiki bado kina dakika zake. Nilikuwa nimepanga kuwasomea salamu za rambirambi, na nitazisoma. Lakini kama kuna mtu anangoja neno kutoka kwako, na neno hilo unalo, umelikalia tu, usiningoje mimi nimalize. Zima redio, uende. Sitachukia.