Chozi la Jicho la Kushoto

Basi la Barabara ya Sunset lilikuwa halijafika hata Hollywood, na wanawake wawili wasiojuana walikuwa wameshapandishiana sauti kwa ajili ya filamu ya zamani iliyoonyeshwa jana kwenye televisheni.

"Dorothea Lindqvist alilia kweli pale makaburini," alisema Bernadine. "Mimi nimezika waume wawili, dada, machozi nayajua."

"Kweli wapi!" Graciela akacheka. "Waigizaji wanapuliziwa mentoli machoni ili machozi yatoke, mji mzima unajua. Yule mama hakuwa na machozi hata ya kumlilia paka."

Nyuma yao Dorothea Lindqvist mwenyewe, bibi wa miaka themanini aliyejifunga kitambaa kichwani, alikuwa akitafuna lozi zake taratibu. Kituo chake kilifika, akakiacha kipite. Tangu aache kuigiza, nani tena aliwahi kumgombania hivi? Alistarehe kama bibi harusi.

"Tumuulize huyu," Bernadine akageuka. "Eti bibi, wewe wa enzi zake. Alilia, hakulia?"

Dorothea aligeuza uso mpaka mwanga wa dirishani ukamkalia vizuri. Midomo ikamtetemeka, na chozi moja likamteremka shavuni kutoka jicho la kushoto, lililokuwa upande wao. Jicho la kulia, ambalo kamera isingeliona, lilibaki kavu kabisa.

"Si nilikwambia!" wakaambiana wote wawili kwa mpigo, kila mmoja akijiona mshindi.

Basi likasimama. Dorothea akajifuta shavu, akashuka, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu, hana haraka.