Wasifu wa Marehemu Nuala Considine, Mpiga Fidla wa Kilmaley

Marehemu Nuala Considine alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 huko Kilmaley, jimbo la Clare, Ireland, mtoto wa pili wa Mzee Martin na Mama Bríd. Fidla alifundishwa na baba yake jikoni, kabla hajajua kusoma.

Alisoma shule ya kijiji, kisha kwa masista mjini Ennis hadi 1968. Sista mmoja aliandika kwenye ripoti yake: "Habishi, ila hasikii." Familia imeitunza ripoti hiyo.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha maziwa, akatumika miaka ishirini na sita. Huko aliipenda sauti ya mashine ya kutenga krimu. Aliinasa kwenye kanda, akaipunguza mwendo hadi ikawa mngurumo mzito, na juu yake akapiga nyimbo za kale, polepole, mmoja hata nusu saa.

Mwaka 1977 alifunga ndoa na Fintan Lillis, dereva wa lori la maziwa. Watu wa baa walimuuliza Fintan kama mkewe karukwa na akili. "Karukwa, ndiyo," alisema. "Haya, nyie mlio nazo, pigeni kitu tusikie."

Mwaka 1984 Nuala alipanda jukwaa la mashindano ya muziki wa jadi na kanda yake. Jaji alimkatiza: "Bibi, zima hicho kidude. Huu si muziki wa Ireland."

"Mashine ni ya Limerick, hapa jirani, wimbo kaniachia bibi yangu," alijibu. "Mgeni hapa nani?"

Majaji walitoka, nusu ya ukumbi ikawafuata. Yeye alipiga hadi mwisho. Kaka yake, Colm, aliona aibu, asimsemeshe miaka kumi na mmoja. Siku aliyorudi, alishika filimbi mlangoni akauliza tu: "Tunaanzia wapi?"

Novemba 2019 kiharusi kilimnyang'anya Nuala mkono wa kushoto. Colm alimshikia fidla, naye akasugua nyuzi tupu, zisizobonyezwa, kwa upinde mkono wa kulia. Hivyo ndivyo walivyorekodi santuri yao ya mwisho.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2024. Wapo walioomba leo, katika mazishi haya, zipigwe nyimbo "za kawaida" tu. Jibu aliliacha mwenyewe kwa Padri: "Wanaotaka kimya, waje kesho yake." Colm atapiga, na kanda italia.

Ameacha mume, Fintan, mabinti wawili, Aoibheann na Treasa, mjukuu mmoja, na kaka yake Colm.

Pumzika kwa amani, Nuala. Sisi hatunyamazi.