Gitaa la Vidole Sita

Kwenye treni, dada mwenye kompyuta alimvalisha hedifoni mzee aliyeketi kando yake. "Gitaa hili ni la kompyuta, baba. Hakuna aliyelipiga."

Mzee akacheka. "Naona! Mpigaji wako ana vidole sita mkono mmoja, na nyuzi zote anazigusa kwa pamoja. Mkono hushuka uzi baada ya uzi, binti yangu."

Mimi, niliyeketi upande wa pili wa dada nikiiona skrini yake, nilidhani atanuna. Wapi! Alifuta noti mbili za wimbo, akazichelewesha nyingine kidogo kidogo, akaongeza mkwaruzo wa kidole kinachohama kwenye uzi. "Haya, sikiliza sasa."

"Bado si gitaa," mzee alishikilia. Lakini vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinabana mpini wa mwavuli wake, vikihama na wimbo.

"Basi mbona unalipiga?" dada alishangilia.

Treni ikasimama kwenye kituo ambacho mzee alikuwa amesema atashukia. Hakuinuka.