Mama Filta na Barua Isiyo Yake

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Filta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza kamera za gazeti letu. Mhariri wa jarida hili la wafanyakazi ameniomba niandike maneno matamu ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ila nimeudhika, na sioni sababu ya kuficha.

Aliingia stoo ya kamera akiwa binti, kwenye chumba kile chenye dirisha moja karibu na ngazi, na hakuhama. Jina la utani alilipata kwa sababu ya kile kioo chembamba cha kuzuia mionzi ya jua kinachofungwa mbele ya lenzi. Kwake, lenzi haitoki nje bila filta. Anaifunga kwa mkono wake, anaipeleka dirishani, anaipuliza, anaifuta kwa kitambaa cheupe, ndipo unasaini daftari. Ukimharakisha, anaanza upya.

Tulimcheka sana. Mpiga picha wetu wa michezo alikuwa akimwita mama mkwe wa kamera, mpaka siku mpira wa penalti ulipopaa juu ya goli na kumjia mzimamzima. Filta ilisagika, lenzi haikupata hata mkwaruzo. Kesho yake alimletea maua, na utani ukaishia hapo. Mama Filta alivitia vile vipande kwenye kopo la biskuti pamoja na kikaratasi chenye tarehe, jina la mpiga picha, na maneno mawili: lenzi salama. Kufikia mwaka jana kopo lilikuwa na vikaratasi kumi na saba.

Kisha tukaletewa mkuu mpya wa kitengo cha picha, bwana anayejua kila kitu kwa kukisoma mtandaoni. Akatangaza kwamba kamera za siku hizi zinazuia mionzi zenyewe, na kwamba filta zinatia mng'ao kwenye picha. Mama Filta alimjibu kwa upole kwamba ukipiga kuelekea taa unaivua, ukimaliza unairudisha, na kwamba yeye hana ugomvi na jua, ugomvi wake ni na mawe. Bwana mkubwa akacheka mbele yetu sote, akaamuru filta zote zivuliwe na kutiwa kwenye boksi. Amri yenyewe aliitoa kwa mdomo tu.

Wiki ya tatu, kokoto liliruka kutoka chini ya tairi la lori kwenye barabara iliyokuwa ikitengenezwa, likaipasua lenzi yetu kubwa kuliko zote. Aliyeishika kamera ni mimi. Barua ya onyo ikaandikwa, si kwa mkuu, si kwangu, bali kwa Mama Filta: uzembe katika utunzaji wa vifaa. Miaka thelathini bila doa! Aliisoma amesimama, akaikunja, akaendelea kufuta lenzi. Mimi nilikuwepo na niliufyata, maana mkuu ndiye anayepanga nani aende kazi gani. Aibu hiyo ni yangu.

Mwezi uliofuata filta zilirudishwa kimyakimya, kwa amri ya mkuu yuleyule, bila hata samahani. Barua imebaki kwenye faili. Juzi wapiga picha wote tisa tuliomba iondolewe kabla ya Ijumaa. Ofisi ya utumishi ikatujibu, "Mama si anaondoka tu, ya nini kusumbuana?" Ya nini! Yaani mumwite mtu mzembe kwa maandishi, halafu mumkabidhi cheti, mumkatie keki na kumpigia makofi?

Jumatatu alinikabidhi lile kopo nilitunze. Juu kabisa, pamoja na vipande vya lenzi kubwa, nilikuta kikaratasi cha kumi na nane. Kina tarehe, jina langu, na mwandiko wake uleule: lenzi imevunjika, mpiga picha salama.

Asante, Mama. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wasioshika kioo kwa vidole vya mafuta. Nakala ya ukurasa huu nimeitia saini na kumpelekea mkurugenzi: amri ya kuvua filta niliisikia kwa masikio yangu, na lenzi ilivunjikia mikononi mwangu. Kama ni lazima barua ile ikae kwenye faili la mtu, ikae kwenye langu.