Bi Chubwi na Taa Iliyo Ndani ya Tangi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne, fundi sanifu wa maabara ya maji anakabidhi funguo. Wafanyakazi humwita Bi Chubwi. Kwangu ni shangazi, na kamati ya sherehe imenipa kalamu kwa sababu, wanasema, wao wamezoea tarakimu tu.

Kazi yake ni kuangusha vitu majini na kupima nguvu ya kishindo chake. Ameangusha mipira ya chuma, maboya, kofia ngumu na, kwa ubishi wa wahandisi, tikiti maji moja. Anayedhani maji ni laini humwambia ni laini kwa anayeyaingia kwa adabu.

Kati ya kishindo na kishindo, husubiri. Hatazami saa, hutazama taa ya dari inavyoonekana ndani ya tangi. Ikitetemeka hata kidogo, hagusi kitu. Wahandisi wakinung'unika, huwaambia haraka zao wakazipeleke jikoni.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, niko likizo, siku walipopima modeli ya boti ya kuokolea watu, ile inayoporomoshwa kutoka melini abiria wakiwa wamefungwa mikanda. Shangazi alisema maji yametulia, akamwachia mhandisi kitufe cha kuangushia, akaenda kupokea simu. Mhandisi alikuwa ameinamia kompyuta. Sijui nilipatwa na nini. Nikatia mkono tangini, nikakoroga mapovu. Boti ikaanguka.

Mapovu hupunguza kishindo. Namba ikatoka ndogo, wahandisi wakapeana mikono: viti vyepesi vingetosha. Shangazi aliitazama ile namba, akakataa kutia sahihi. Walirudia mara kumi na moja. Kishindo kikatoka kikubwa kila mara, na viti vikabidi viundwe upya.

Mimi nilijibanza nyuma ya mlango. Jioni Shangazi alinivisha koti lake, nikadhani ni kwa ajili ya baridi.

Wiki iliyopita kamati iliniazima daftari lake la kazi niokote tarehe. Ukurasa wa siku ile ameandika: "Kipimo cha kwanza kifutwe. Maji yalivurugwa nilipotoka. Kosa ni langu." Chini, kwa penseli: "Mtoto kalowa mkono. Nimempa koti."

Shangazi, mkono ule ulikuwa wangu. Nisamehe, na asante kwa koti, na kwa niaba ya wote watakaopanda boti za aina ile bila kukujua. Nenda kapumzike. Tunakuombea siku ndefu, na taa isiyotetemeka.